Kwanza Mlima, Halafu Kisu

Nimewaendesha watu wa kila namna maishani mwangu: padri aliyekuwa akianza kukoroma kabla hatujatoka mjini, mchuuzi wa ng'ombe aliyenuka ng'ombe, mabibi harusi watatu, na maiti wengi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Hakuna hata mmoja niliyemdharau kama yule meja. Maiti angalau walinyamaza.

Meja alikuwa mkurugenzi wa kiwanda kimoja cha sabuni mjini Jinja. Alikipata kama wenzake wa cheo chake walivyopata maduka na majumba miaka ile, Wahindi walipofukuzwa: aliamka asubuhi akaambiwa ni chake. Kuhusu sabuni alijua kwamba ina povu. Mwaka wa kwanza kiwanda kilitoa sabuni. Mwaka wa pili kilitoa sabuni iliyochubua ngozi. Mwaka wa tatu kilitoa moshi tu, na hata moshi huo ulikuwa wa wapishi waliokuwa wakimchomea nyama uani. Wahenga walisema maskini akipata matako hulia mbwata. Mimi nilikuwa dereva wake, na mbwata zile nilizisikia kutwa kucha zikitoka kiti cha nyuma.

Siku moja ya mwezi wa saba alitangaza kwamba tunakwenda kutembelea mbuga za taifa. Si kwamba alipenda wanyama. Alikuwa amegundua kwamba wazungu waliokuwa wakija kutazama wanyama hawaji tena, na hoteli za mbugani zimebaki na wahudumu wanaopangusa meza zisizokaliwa na mtu. Kwa nini hawaji, hilo hakujiuliza.

"Wazungu nakwisha kimbia," aliniambia. "Sasa hiyo nyama yote ni ya sisi. Mimi nataka tembea kwa miguu, panda mlima, ona simba. Kama mzungu. Wewe tengeneza gari."

"Ndiyo, afande," nikasema, kisha nikamweleza shida yangu.

Shida yangu ilikuwa hii. Mimi ni Mgisu, na kwetu ni chini ya mwamba wa Wanale, nje kidogo ya mji wa Mbale. Kwetu mwanamume hatahiriwi akiwa mtoto. Hungoja awe kijana kamili, na kazi hiyo hufanywa kila mwaka wa pili, mwezi wa nane, mchana kweupe, amesimama wima katika ua wa baba yake mbele ya watu wote, hafungwi wala hashikwi. Akisimama bila kupepesa jicho, huyo ni mwanamume. Akitoroka, hutafutwa. Watamfuata Kampala, watamfuata Nairobi, wakiwa wamefuatana na ngariba na kisu chake, na pale watakapomkuta ndipo watakapomkata, iwe sokoni, iwe kituo cha basi. Huyo naye atahesabiwa mwanamume, lakini wa daraja la nyuma. Ataitwa aliyekamatwa mpaka anaingia kaburini. Nilimwona mzee mwenye wajukuu akinyimwa mrija kwenye chungu cha pombe kwa sababu ya neno hilo moja.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Msimu uliotangulia niliukosa kwa ajili ya kazi, na watu walikuwa wameanza kunitazama kiunoni badala ya usoni. Safari hii nilijitokeza. Kila Jumapili nilipanda basi kwenda kwetu, nikafunga njuga mapajani, nikacheza ngoma na kuzunguka kwa wajomba. Siku yangu ikapangwa, Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane. Na Jumatano iliyotangulia nilitakiwa kumimina maji katika kimea cha wimbi kwa mkono wangu mwenyewe, maana pombe ya siku ile huanzishwa na yule atakayekatwa, na akishamimina hana njia ya kurudi nyuma.

Meja alinisikiliza huku akijichokoa meno.

"Safari ni siku kumi tu," alisema. "Sisi natoka Jumamosi, narudi Jumatatu ile ingine. Halafu wewe enda kwa kisu yako. Mimi nasema, mimi afisa."

Tulikuwa watatu ndani ya Pijo, gari jeupe la Meja. Meja, mimi, na mke wake mdogo, binti wa mwalimu, msichana mrefu aliyevaa viatu vya raizoni, vile vya soli nene, na kusema maneno machache. Alikuwa na tabia ya kumtazama mumewe kama mtu anayetazama maziwa yakifurika jikoni kwa jirani. Nyuma tulipakia kiti cha kukunja, kreti nne za bia, sukari kilo kumi wakati ambapo watu wa Jinja walikuwa wakinywa chai ya chumvi, na sanduku la nguo mpya za Meja: kaptura za kaki, soksi ndefu, na kofia yenye utepe wa ngozi ya chui. Shingoni alivaa darubini. Siku mbili za kwanza aliitazamia upande usio wake, akilalamika kwamba tembo wa serikali wamekonda.

Nitasema ukweli, maana nimezeeka na sina wa kumdanganya. Safari ile niliipenda mwanzoni. Tulipofika kizuizi cha daraja la Jinja, wanajeshi waliokuwa wakiwashusha watu kwenye mabasi na kuwalaza kifudifudi waliiona namba ya gari, wakapiga saluti. Saluti ilikuwa ya Meja, lakini mimi ndiye niliyekuwa mbele, na ilinifikia kwanza. Nilikuwa nimevaa miwani ya jua. Niliitikia kwa kidevu. Wale waliolala chini sikuwatazama.

Mbuga ya Kabalega, kwenye maporomoko ya Nile, tulikaa siku tatu. Kutoka mahali mashua inapotia nanga hadi juu ya maporomoko ni mwendo wa saa moja kwa mtu mwenye mapafu. Kwetu ulikuwa mwendo wa saa tatu. Nilibeba kiti kichwani na bia mkononi, na kila baada ya hatua hamsini Meja alinyoosha kidole ardhini, mimi nikakunjua kiti, yeye akaketi, mkewe akasimama akitazama ndege. Tulipofika juu, Mto Nile ulikuwa ukijibana katika ufa wa jiwe usiozidi upana wa barabara na kuanguka kwa kishindo kilichotikisa meno. Nilisahau kila kitu. Meja alitazama kwa muda.

"Maji hii ni ile ya Jinja?"

"Ndiyo, afande. Ndiyo hiyo hiyo."

"Sasa sisi nakuja huku fanya nini?"

Mkewe alicheka, mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani. Meja akadhani amechekeshwa na werevu wake, akairudia kauli ile kwenye chakula cha jioni, mbele ya wahudumu sita waliokuwa wamejipanga kutuhudumia sisi watatu peke yetu.

Tembo walikuwa wakikimbia kila walipotusikia. Askari wa wanyama aliyekuwa akituongoza, mtu mwembamba mwenye sare yenye viraka, aliulizwa sababu.

"Wanajua sauti ya gari, afande," alisema. "Na hii rangi ya kaki, wanajua sana."

Wanajeshi walikuwa wakienda kule na bunduki za vita kutafuta pembe, na kila mtu alijua. Meja aliichukua kama sifa. "Hata nyama naogopa jeshi," alisema, akajipigapiga tumbo.

Simba tuliwapata katika mbuga ya Ruwenzori, kule magharibi. Walikuwa wamelala kivulini. Meja aliniamuru nipige honi ili waamke, nikapiga. Dume mmoja alifungua jicho, akamtazama mkurugenzi wa kiwanda cha sabuni, akageuka upande wa pili. Nikampenda simba yule kuliko ndugu zangu wengi.

Jumapili jioni, mizigo ikiwa tayari kufungwa, Meja akasema haondoki bila kuona chui. Askari wa mbuga alimweleza kwa adabu kwamba chui haitwi. Anaweza kuonekana kesho, anaweza asionekane mwaka mzima.

"Dereva ana siku yake," mke wa Meja alisema.

"Siku yake naweza ngoja," Meja alijibu. "Chui haiwezi ngoja."

Tukamtafuta chui Jumatatu. Tukamtafuta Jumanne. Jumatano asubuhi, saa ambayo ningekuwa nimeinama juu ya mtungi katika ua wa baba yangu, nilikuwa nimesimama chini ya mti wa miiba nikimmiminia Meja chai kutoka kwenye chupa. Nilikuwa nikitazama mashariki, chai ikamwagika kwenye soksi yake, nikatukanwa matusi ambayo sitayaandika. Nilijua kwamba kule Wanale baba mdogo, ndugu ya marehemu baba yangu, alikuwa akinimiminia kile kimea, na kila tone lililoanguka kutoka mkono usio wangu lilikuwa likinisema vibaya. Aliyeambiwa kuwa nimekimbia angekuwa na haki ya kuamini.

Alhamisi alasiri mke wa Meja aliona mkia ukining'inia mtini. Kisha chui mzima, amelala juu ya tawi, madoadoa yake yamechanganyika na mwanga wa majani. Tulimtazama mimi na yeye, pengine dakika mbili. Meja alikuwa amelala kiti cha nyuma, mdomo wazi. Alipoamshwa, chui alikuwa amekwisha teremka na kwenda zake.

"Nimeona," alisema Meja. "Ilikuwa kubwa sana."

Tuliingia Jinja Ijumaa saa saba mchana. Basi la Mbale lilikuwa likiondoka saa nane. Nikasimama mbele ya Meja uani kwake, nikamwambia naomba ruhusa, kesho ndiyo siku yangu.

"Basi ya nini?" aliniambia. "Kesho mimi nataka panda hiyo mlima yako ya Mbale. Nakwisha ona mbuga, sasa bado mlima. Mimi nakupeleka na gari, kama mkubwa. Watu wote naona wewe."

Miaka mingi nimekuwa nikisema kwamba nilimwogopa. Na kweli, walikuwapo madereva waliowaudhi wakubwa wao na hawakuonekana tena, hilo si jambo la kubuni. Lakini siku ile hakunitisha. Alinipa tu picha, nami nikaipokea: Pijo jeupe likiingia Wanale, mimi kwenye usukani, meja mzima wa jeshi akishuka kunishuhudia, na wale walionitazama kiunoni wakitafuta pa kuweka macho. Nyani haoni kundule. Siku kumi na nne nilikuwa nimemcheka mtu kwa kupenda ukubwa, na sasa nilisimama kando ya barabara na ndoo ya maji na kitambaa, nikiling'arisha gari, basi la Mbale likanipita na kwenda zake.

Jumamosi Meja alilala mpaka saa tatu. Tuliondoka saa nne. Iganga, Bugiri, Tororo, kisha kaskazini, na mbele yetu mwamba wa Wanale ukajitokeza, umesimama juu ya Mbale kama ukuta, maporomoko yake membamba yakimeta. Meja aliutazama kwa darubini, safari hii upande sahihi. Saa saba tukapita mjini. Tulipofika njia panda ya kwetu, nilipunguza mwendo.

"Afande, hapa ndipo nyumbani."

"Kwanza mlima, halafu kisu," alisema. "Wewe naona hiyo wingu? Mvua nakuja. Nusu saa tu, panda, shuka, nakuleta."

Njia panda palikuwa na watu. Vijana wenye njuga, wanawake wenye majani mkononi, mashangazi zangu wawili. Waliliona gari, wakaniona mimi ndani yake, wakaanza kushangilia na kupisha ili niingie. Mguu wangu ulikuwa juu ya breki. Ningeukanyaga tu. Badala yake niliuhamishia kwenye mafuta, nikawapungia mkono kama gavana, miwani ya jua usoni, nikapita. Katika kioo niliwaona wamesimama vilevile, mikono ikiwa bado juu.

Nusu saa! Njia ya Wanale haikuchimbwa kwa ajili ya wakurugenzi. Inapanda kati ya migomba na mibuni ikiwa imesimama kama ngazi, na mama zetu huipanda na vikapu vya ndizi kichwani wakizungumza. Meja aliipanda kwa magoti. Bastola alikuwa ameiacha garini kwa sababu mkanda ulimbana tumbo. Mimi nilikuwa na kiti kichwani, kikapu cha bia mkono wa kulia, mwavuli wa mke wa Meja mkono wa kushoto. Mwenyewe alivua raizoni zake akapanda peku, na alikuwa mbele yetu sote.

Baada ya saa moja tulikuwa hatujafika hata nusu. Chini niliweza kuliona paa la bati la nyumba yetu na ua wake mwekundu uliojaa watu wadogo wadogo. Ngoma ilikuwa ikilia, ya kwetu, naijua. Meja alikuwa ameketi, miguu mbele, akihema.

"Ngoma mzuri," alisema. "Nafanya nini hawa?"

"Wananingoja, afande."

Kisha ngoma ikanyamaza. Mtu asiye wa kwetu angedhani wamechoka. Mimi nilijua wameacha kungoja na wameanza kutembea.

Walitokea kwenye kona ya migomba, wanaume kama sitini, fimbo mikononi, wakipanda kwa haraka na bila kusema. Mbele alikuwa baba mdogo, mzee mfupi aliyewahi kupigana vita vya Wazungu huko Burma na kurudi na Kiswahili na kovu. Nyuma yake alikuwa ngariba, amefunga kitu katika kitambaa, filimbi shingoni. Meja aliwaona akasimama. Kiti kikaanguka. Wote sitini walikuwa wakitazama upande wetu, na yeye, kama kila mtu aliyekula cha wenzake, aliamini kwamba siku ya kutapika imefika. Alipeleka mkono kiunoni pasipokuwa na bastola. Akainua mikono juu. Kisha akaja nyuma yangu, akanishika mabega, akanisukuma mbele.

"Chukua dreva!" alipiga kelele. "Mimi mgeni hapa! Chukua yeye!"

Baba mdogo alimtazama kutoka kofia hadi soksi.

"Asante, bwana," alisema. "Tumemfuata yeye."

Ingekuwa siku nyingine ningecheka hadi nilie. Mke wa Meja alikuwa ameteremka upesi, akasimama kati yetu, miguu imejaa udongo.

"Mzee, huyu alikuwa anakuja kwenu," alisema. "Ameomba ruhusa kila siku. Mume wangu ndiye aliyemzuia."

Baba mdogo hakumjibu vibaya. Alinigeukia mimi.

"Tulikuona ukipita njia panda. Ulitupungia mkono."

"Ndiyo, baba."

"Nani alikuwa ameshika usukani?"

Nilikuwa na siku kumi na nne za visingizio, kila kimoja cha kweli. Chui, bastola, cheo, mvua. Sikuweza kukitoa hata kimoja.

"Mimi," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaonyesha mahali pa tambarare njiani. Wakaondoa mawe kwa miguu. Anayesimama uani hupakwa usoni machicha ya ile pombe aliyoianzisha mwenyewe. Mimi nilipakwa udongo wa njiani. Nikaweka fimbo nyuma ya shingo, nikaishika ncha zote mbili, nikakaza macho kwenye mlima. Sikupepesa. Nataka hilo liandikwe, maana ndilo pekee lililobaki mkononi mwangu: sikupepesa jicho, sikusogeza kidole, na kila aliyekuwapo aliona. Filimbi ililia. Hakuna aliyeshangilia kama wanavyoshangilia uani. Mmoja alisema "vizuri," kama mtu anayesifu mzigo uliofungwa barabara. Kutoka migombani ilisikika sauti ya Meja akitapika.

Sikumwendesha tena. Niliambiwa kwamba mkewe ndiye aliyeendesha Pijo kurudi Jinja. Kumbe alijua kuendesha siku zote na hakuna aliyewahi kumuuliza. Sijui Meja aliishia wapi, na nilipohamia Bungoma, upande wa Kenya, watu waliponieleza habari za wakubwa wa zamani sikuuliza habari zake.

Walinishusha polepole, nimejifunga shuka, wawili wamenishika kwapa. Mteremko ule ulichukua muda mrefu kuliko kupanda. Tulifika uani jua likiwa limeelekea magharibi, na ua ulikuwa karibu mtupu, watu wa mbali walikuwa wamekwisha kwenda kwenye nyua nyingine zenye vijana waliosimama.

Kwetu mama hatazami. Tangu asubuhi ya siku ile hukaa ndani sakafuni, ameikumbatia nguzo ya kati ya nyumba kwa mikono miwili kama mwanamke aliye katika uchungu wa kuzaa, na wanawake wenzake wamemzunguka, na haiachii nguzo hiyo mpaka asikie filimbi. Filimbi yangu ililia mlimani, nyuma ya migomba, na haikumfikia. Wanaume walipoondoka na fimbo hakuna aliyeingia kumwambia wanakokwenda, wala baadaye hakuna aliyekimbia mbele kumwambia kwamba kazi imekwisha. Ilikuwa habari isiyokimbiliwa.

Nilisimama mlangoni. Alikuwa pale pale, shavu limeegemea mti, mikono imevimba. Alinitazama miguu, akatazama shuka, akatazama ule udongo usoni.

"Walikukamata wapi?" akauliza.

"Njiani, mama."

Ndipo akaiachia nguzo.